Bonge la nusu milimita: kisa cha bakteria waliokaa miaka mitatu nje ya kituo cha anga

Hiki ni kisa cha kweli na kiko wazi kwenye machapisho ya kisayansi. Majina ya watafiti wa mradi sikuyataja makusudi maana hapa tunachambua maamuzi, sio watu, lakini mradi wenyewe, miaka na namba nimeviacha kama vilivyo kwa sababu ukivitoa kisa kinabaki hewa tupu. Kwa wanaofundisha baiolojia, au wanafunzi wanaoandaa jaribio lao la kwanza, kuna vitu vingi vya kuiba humu. Na kuna pia namba moja iliyosambaa sana mitandaoni, ile ya "miaka minane" ambayo bakteria hawa wangeweza kudumu angani, ambayo watu wengi wameibeba bila kuangalia imetokea wapi, tutaifikia.

Usuli

Swali ni la zamani: je uhai unaweza kuhama kutoka sayari moja kwenda nyingine? Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mwanakemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, alisema vijidudu vinaweza kuelea angani vikisukumwa na nguvu ya mwanga wa nyota. Wazo tamu, ila likakutana na tatizo moja kubwa sana, jua. Huku chini tuna tabaka la ozoni linatuchujia mionzi mikali ya UV (mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho), kule juu hakuna cha ozoni wala nini, kijidudu kimoja kimoja kikiwa uchi mbele ya jua kinakufa haraka mno. Kwa hiyo wengi wakahamia wazo la pili, kwamba kama uhai unasafiri basi unasafiri ndani ya mawe, jiwe linagongwa na kimondo kikubwa, linarushwa angani na vijidudu vimejificha ndani ya nyufa.

Majaribio ya nje ya dunia yakaonekana kulipa nguvu wazo hilo la mawe. Maarufu zaidi ni lile la chombo LDEF cha Marekani, kilichopelekwa mwaka 1984 kikarudishwa Januari 1990, karibu miaka sita. Spora za bakteria Bacillus subtilis (spora ni bakteria aliyejifunga kwenye ganda gumu akalala) zilizokaa huko zikiwa zimekingwa na UV zilirudi nyingi tu zikiwa hai. Somo likaeleweka hivi: ombwe (utupu usio na hewa) linavumilika, baridi na joto vinavumilika, shida ni UV, tafuta kivuli.

Sasa timu ya kisa chetu, ya Japani, ikauliza swali ambalo ukilisikia unajiuliza mbona halikuulizwa mapema. Lazima kivuli kiwe jiwe? Vipi kama vijidudu vyenyewe vikijikusanya bonge, wa juu wakawa ndio kivuli cha wa chini?

Mhusika waliyemchagua ni bakteria wa ukoo wa Deinococcus, hasa Deinococcus radiodurans. Huyu aligunduliwa mwaka 1956 kule Oregon, Marekani, watu walikuwa wanajaribu kuua vijidudu kwenye nyama ya kopo kwa mionzi ya gama, kopo likapigwa dozi ambayo ilitakiwa imalize kila kitu, nyama ikaharibika vilevile. Ndani wakamkuta yeye. Binadamu akipigwa Grei 5 (Grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) mwili mzima hali yake ni mbaya sana, wengi hawaponi bila matibabu, huyu anapigwa Grei 5,000 na karibu wote wanabaki wazima. DNA yake inakatika vipande vipande kama ya mwingine yeyote, tofauti ni kwamba anakaa na nakala kadhaa za jenomu yake (DNA yake yote), na ndani ya saa chache anaviunga vile vipande upya.

Swali ambalo wanafunzi huwa wanaliuliza hapa, na ni zuri: bakteria wa duniani kajifunzia wapi kuvumilia mionzi ambayo duniani haipo kwa kiwango hicho? Jibu linalokubalika ni ukavu. Kukauka kabisa nako kunaikata DNA, kwa hiyo aliyezoea kukauka na kufufuka ana fundi wa DNA tayari nyumbani, mionzi ikija inamkuta amejiandaa bila kujua. Hili likumbuke maana linaingia kwenye maamuzi yao.

Kitu kingine, timu hii ilishakusanya vijidudu kwa ndege na maputo juu ya Japani hadi kama kilomita 12 kwenda juu na kule wakapata ndugu za Deinococcus wanaoelea, wawili kati yao wakapewa majina D. aerius na D. aetherius. Kwa hiyo hawakuwa wanaota tu. Walikuwa na ushahidi kwamba jamaa hawa wanafika juu, halafu maabara ya ardhini ilikuwa imeshawaonyesha kwamba bonge lisilofika hata milimita moja linaweza kustahimili UV nyingi. Kilichobaki ni kwenda kulipima kwenye anga lenyewe.

Mambo yalivyokwenda

Mradi uliitwa Tanpopo, uliendeshwa na Wajapani wakishirikiana na shirika lao la anga JAXA. Ulikuwa na pande mbili, upande mmoja kunasa vumbi la angani kwa kutumia erojeli, kitu chepesi mno kinachopokea chembe inayokuja kwa kasi bila kuisaga, na upande wa pili kuanika vijidudu. Hapa tunaongelea upande wa pili.

Aprili 2015 sampuli zikapanda na chombo cha mizigo cha Dragon hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga (ISS), kilomita kama 400 juu. Mei mwaka huohuo zikatolewa nje. Utoaji wake unapendeza: moduli ya Kijapani, Kibo, ina mlango wake mdogo wa kupitishia vitu na mkono wake wa roboti, kwa hiyo mwanaanga anafunga vibao kwenye fremu akiwa ndani, fremu inapita mlangoni, mkono wa roboti unaidaka na kuipachika nje. Hakuna mtu kuvaa suti na kutoka. Kila mwaka fremu inaingizwa ndani, kibao kimoja kinachomolewa, zilizobaki zinarudi nje. Kibao cha mwaka mmoja kikatolewa 2016, cha miaka miwili 2017, cha mwisho 2018. Vyote vikarudi duniani kwa Dragon hadi maabara Japani, na matokeo makuu yakachapishwa Agosti 2020.

Ndani ya kila kibao kulikuwa na sahani za aluminiamu zenye vishimo vidogo. Kwenye kishimo unaweka matone ya maji yenye bakteria, unakausha, unaongeza, unakausha, mpaka unapata bonge kavu la unene unaoutaka. Yaani kazi ya anga za juu ya mamilioni, kiini chake ni mtu kakaa na bomba dogo anadondosha na kusubiri ikauke.

Maamuzi waliyofanya na sababu zake

Uamuzi wa kwanza na mkubwa, unene ndio uwe kitu cha kubadilisha. Hawakupeleka "bakteria" tu waone kama watapona, walipeleka mabonge ya unene tofauti, kuanzia maikromita 100 hadi 500 na hata 1,000 (hiyo ni milimita moja kamili). Bila hivyo ungepata jibu la ndio au hapana, na jibu la ndio au hapana kwenye swali kama hili halina msaada sana, maana ndio kwa unene gani?

Pili, kuwapeleka wakiwa wakavu. Angani hakuna maji ya majimaji, kiumbe chochote kitakauka tu, kwa hiyo kumpeleka mkavu ni kumpeleka katika hali ambayo kweli angekuwa nayo. Na kwa Deinococcus hapo ndipo nyumbani kwake.

Tatu, kuchukua sampuli mara tatu badala ya mara moja. Hili lina gharama, kila kuchomoa kibao ni muda wa mwanaanga na muda wa mkono wa roboti, vitu ambavyo foleni yake ISS ni ndefu. Lakini ukiwa na alama moja huna mstari. Ukiwa na mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu unaweza kuona vifo vinakwenda kwa mwendo gani, na kutoka hapo ukakisia mbele.

Nne, na huu mimi ndio naupenda kuliko yote, walipeleka na walemavu. Pamoja na D. radiodurans wa kawaida walipeleka aina zake ambazo jeni fulani ya kukarabati DNA imetolewa, huyu hana hii, yule hana ile. Ukiona aliyekosa jeni A amekufa zaidi ya aliyekosa jeni B basi umejua uharibifu uliotokea ni wa aina gani hata kama hukuwepo kuuona. Ni namna ya kumhoji marehemu.

Tano, sampuli za kulinganishia, na sio aina moja. Kuna zilizokaa huko huko nje lakini zimefunikwa jua lisizipige, hizi zinapata ombwe, joto na baridi na mionzi mingine, ila UV hapana. Kuna zilizokaa ndani ya kituo. Kuna zilizobaki maabara ardhini. Mtu anaweza kusema ni kujaza tu, hapana. Kumbuka kisa cha Surveyor 3: chombo kilichotua mwezini Aprili 1967, wanaanga wa Apollo 12 wakaenda kuchomoa kamera yake Novemba 1969, ikarudi, na ndani wakakuta bakteria Streptococcus mitis, wa kawaida kabisa wa mdomoni mwa binadamu. Ikasambaa kwamba bakteria ameishi mwezini miaka miwili na nusu. Baadaye wachunguzi waliorudia picha na taarifa za kazi ile wakaona uwezekano mkubwa ni kwamba aliingia maabara, mtu tu na mate yake. Miaka yote ile dunia ilikuwa inasimulia stori ambayo sampuli nzuri za kulinganishia zingeizima siku ya kwanza.

Matokeo

Mabonge membamba ya maikromita 100 yalichapwa vibaya na jua. Kuanzia maikromita 500 kwenda juu, baada ya miaka mitatu nje, bado kulikuwa na walio hai. Wakalowekwa, wakapandwa kwenye sahani zenye chakula, koloni zikaota na DNA iliyokuwa imeharibika ikakarabatiwa walipoanza kukua.

Ilivyotokea ni kwamba bakteria wa tabaka la juu walikufa wote, na maiti zao zikabaki pale pale zikawa paa. Ni kama ukianika dagaa rundo bila kuwageuza, wa juu wanaungua na jua, wa chini jua hawalijui. Hakuna bakteria aliyejitolea hapo wala ushirikiano wowote, ni fizikia tu, UV haipenyi mbali kwenye kitu kama hicho.

Wale walemavu nao wakatoa jibu lao. Ungedhani kwa bakteria maarufu kwa mionzi ya gama, jeni muhimu zingekuwa zile za kuunga DNA iliyokatika. Kumbe kazi kubwa ilifanywa na uvrA na uvdE, mafundi wa kung'oa sehemu za DNA zilizounguzwa na UV na kuweka mpya. Hii inaendana na zile sampuli zilizofunikwa jua lisizipige: adui mkuu pale nje ilikuwa jua.

Halafu zikaja namba za makisio. Kwa hali ileile ya pale ISS, timu ilikisia mabonge yenye unene unaozidi nusu milimita yangeweza kudumu miaka 15 hadi 45. Kwa bonge la kipenyo cha milimita 1 linaloelea lenyewe angani, ni miaka 2 hadi 8.

Kilichofanya kazi

Ukiniuliza mimi, nguvu ya kisa hiki iko kwenye kwamba nadharia iliandikwa kwa namna inayoweza kuanguka. Walisema mapema kwamba unene ndio utaamua. Kama mabonge manene yangekufa sawa na membamba wangekuwa wamekosea hadharani, na hakuna pa kujificha. Majaribio mengi ya angani ya zamani yalikuwa ya "tupeleke tuone", ukiona amepona unashangilia, ukiona amekufa unasema mazingira ni magumu, hujajifunza kitu ambacho hukukijua.

Hesabu yao ya kutoka kishimo kwenda bonge linaloelea nayo imetulia. Bonge kwenye kishimo linapigwa jua upande mmoja tu, wa juu, chini yake kuna aluminiamu. Linaloelea linazunguka, linapigwa pande zote. Kwa hiyo nusu milimita ya kinga kwenye kishimo ni sawa na kipenyo cha milimita nzima angani, nusu kila upande kutoka katikati. Ndio maana namba ya mwisho inazungumzia milimita 1 wakati walichopima kikuu ni maikromita 500. Wengi wanaosimulia habari hii wanadhani ni makosa ya uchapaji, sio.

Vilevile hawakuficha kwamba jua la pale kituoni halikuwa jua kamili. ISS inaizunguka dunia kila dakika kama 90, inaingia kivulini na kutoka, na kituo chenyewe kina mabawa na moduli zinazozuia mwanga. Waliweka hilo kwenye hesabu, na ndio moja ya sababu miaka ya angani wazi imekuwa michache sana kuliko ile 15 hadi 45. Anayebeba namba kubwa na kuacha ndogo amebeba ya kituo, sio ya safari.

Kilichopwaya

Kwanza ile minane. Inatoka kwenye mstari uliovutwa mbele kutoka alama tatu za miaka mitatu, na ni ncha ya juu ya makisio yanayoanzia miwili. Vichwa vya habari vikachukua ncha ya juu peke yake vikaondoka nayo. Timu iliandika vizuri, tatizo lilikuwa njiani, lakini nadhani nao wangeweza kutangaza ule upande wa chini kwa sauti hiyohiyo.

Pili, mahali. Kilomita 400 juu bado uko ndani ya kinga ya usumaku wa dunia, chembe nyingi za mionzi ya jua na ya galaksi zinapotoshwa kabla hazijakufikia. Safari ya Mirihi haina kinga hiyo. Kwa bakteria huyu huenda isiwe ishu kubwa kwa miaka michache, ila hicho hakikupimwa hapa, na kusema "ameishi anga za juu" bila kuongeza "karibu na nyumbani" ni kuruka hatua.

Tatu, muda. Vimondo vya Mirihi vilivyookotwa duniani vinaonyesha vilikaa njiani kuanzia karibu miaka laki saba hadi mamilioni. Kuna njia za mkato ambazo kipande kinaweza kufika ndani ya miaka michache tu, zipo kihesabu, lakini ni bahati ya wachache sana kati ya vingi vinavyorushwa. Kwa hiyo matokeo haya yanafungua mlango mwembamba na sio lango.

Nne, na hapa ndipo naona mjadala umekuwa mvivu. Kusafiri ni hatua ya katikati. Kabla yake kuna kurushwa kutoka kwenye sayari, baada yake kuna kutua. Jiwe likiingia kwenye hewa ya dunia linaungua nje na ndani linabaki baridi, kijidudu kilichojificha katikati kinaweza kupona. Bonge la milimita moja halina huo ndani. Vile vimondo vidogo unavyoviona usiku vikipasua anga na kuzima, vingi ni chembe za ukubwa wa mchanga, ukubwa uleule wa bonge letu. Kwa hiyo bonge linaloweza kuvumilia safari ni dogo mno kuvumilia kutua, angalau kwa dunia yetu, na jaribio hili halikulenga kulijibu hilo. Wazo la mawe halijauawa na wazo la mabonge, pengine yanahitajiana, bonge ndani ya ufa wa jiwe.

Mahali ambapo naona kisa hiki kinauma zaidi ni kwenye vyombo tunavyotuma wenyewe, kuliko kwenye asili ya uhai. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, kifungu cha 9, unazitaka nchi zisichafue sayari nyingine, na chombo cha kutua Mirihi kawaida kinaruhusiwa kubeba spora zisizozidi 300,000 kwenye nyuso zake zote. Safari ya chombo kwenda kule ni miezi kama sita hadi tisa. Bonge la nusu milimita limekaa miaka mitatu. Na kipimo kile cha kawaida kinahesabu bakteria wanaotengeneza spora, unapangusa, unapasha moto sampuli kwa nyuzi 80, kisha unapanda kilichobaki. Deinococcus hatengenezi spora. Na sio kwamba vyumba vile safi havimjui: spishi moja ya ukoo huu ilipatikana kwenye jengo lilipounganishwa chombo cha Phoenix kilichotua Mirihi mwaka 2008, ikaitwa Deinococcus phoenicis. Ndio maana kuhesabu spora tu hakutoshi, inabidi kuangalia pia mabonge, kwenye nyuzi za skrubu, chini ya gundi na kwenye mikunjo ya nyaya, sehemu ambazo jua halitafika hata kama chombo kimefunguka chote angani.